Chupa za Uswisi na Mtoto wa Jicho

Kazi yangu ni kuuza dawa ya kupe. Nasema mapema ili usije ukanidhania mtu wa maana. Nina duka la agrovet hapa Nakuru: dawa ya minyoo, chumvi ya ng'ombe, mbegu za sukumawiki, pampu za kunyunyizia. Jioni nikifunga, hata paka wa jirani hunusa mikono yangu na kwenda zake. Halafu naenda nyumbani, naosha mikono mara tatu, naketi kwenye kochi na kutazama vyombo vya maua vya kioo vilivyotengenezwa Ulaya ya kaskazini kabla sijazaliwa. Mwanaume wa miaka arobaini na saba. Sina bibi, sina mtoto, nina vyombo vya maua thelathini na kimoja.

Mama yangu huviita chupa. Nilijaribu kumrekebisha mara moja tu.

"Mama, chupa ni ya kutia kitu. Hivi ni vya maua."

"Kwani maua si kitu?"

Akaongeza kwamba wenzangu huleta bibi nyumbani, mimi naleta chupa, na chupa haikuzalii.

Hata hivyo, ukiniuliza nani alianza, nitamlaumu yeye. Mama alitulea na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: chombo cha watu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maziwa kwa kibuyu, kibuyu kinarudi na maharagwe, hata kama ni konzi moja. Na mtu akitoka safari harudi mikono mitupu. Sasa, miaka kumi hivi iliyopita, nilisikia kuna mnada kwenye shamba la zamani la mzungu karibu na nyumbani kwetu Mau Narok. Nikafunga duka, nikaenda kununua pampu kubwa ya kunyunyizia. Nilipoifikia nikakuta haina injini. Ilikuwa mfupa wa pampu. Niliona aibu kurudi bila kitu, na kitu pekee kilichobaki pale mezani ambacho mkono ungeweza kubeba kilikuwa chombo kizito cha kioo cha kijani, kimejaa vumbi na nzi wawili waliokufa zamani. Nikakibeba.

Nilikiosha, nikakiweka dirishani ili kikauke. Asubuhi jua likapita ndani yake na ukuta wangu wote ukawa kijani, kijani ya ngano ikiwa bado changa. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nilisimama pale na povu kwenye shavu moja mpaka nikachelewa kufungua duka. Nilikipenda, basi. Sijui kuieleza zaidi ya hapo, na wanaume wa rika langu nikiwaeleza huniangalia kwa huruma.

Chini ya kile chombo palikuwa na herufi ndogo zilizochongwa kwa sindano. Nikachukua lenzi ninayotumia dukani kutazama kupe wa wateja, nikazisoma, nikaenda kuuliza kwenye simu. Simu ikasema ni kioo cha Skandinavia, nchi fulani kule kwenye theluji, na ikaitaja kwa Kiingereza. Mimi nikaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili changu cha darasa la nane. Kwa mwaka mzima nilimwambia kila mtu aliyekanyaga nyumbani kwangu, na wengi waliokuja kununua dawa tu, kwamba mimi hukusanya kioo cha Uswisi. Niliwaeleza tabia za Waswisi. Niliwaeleza jinsi baridi ya Uswisi inavyofanya mtu apende rangi. Siku moja mwalimu mstaafu wa jiografia alikuja kununua dawa ya kuku, akanisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Kijana, Uswisi ni kule kwa saa na chokoleti. Wewe unasema Uswidi." Kisha akaomba chenji yake. Majirani wa dukani walisikia, na hadi leo huniita Mzee wa Uswisi.

Ugonjwa ukazidi. Sokoni kuna mama anayeuza vyombo vya mitumba, vile vinavyokuja kutoka Ulaya vimefungwa kwenye marobota pamoja na masufuria na vikombe visivyo na mikono. Alinisoma haraka kuliko daktari. Akiniona mbali tu anapiga kelele: "Boss! Chupa zako zimefika! Hii nimekufichia, watu wa hoteli walikuwa wanaitaka!" Hakuna mtu wa hoteli aliyewahi kuitaka. Nilijua, naye alijua kwamba najua, na bado nilinunua. Kuna ya rangi ya asali, kuna ya moshi, kuna moja ina mikwaruzo nje kama gome la mti, ambayo nilitumia Jumapili nzima kuiosha nikidhani ni uchafu, kumbe ndiyo urembo wenyewe.

Maua nayo yalitoka kwa dada yangu. Dada anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, upande wa kupanga na kufunga, na amekodi chumba kimoja pale Karagita. Waridi zikiwa na shingo iliyopinda hazipandi ndege. Basi akija Nakuru aliniletea fungu la zile zilizokataliwa, nikazipanga kwenye vyombo vyangu. Waridi zetu zinaenda Ulaya, vyombo vyao vinakuja soko la mitumba la Gikomba na kwetu, na vinakutana kwa muuza dawa ya kupe. Mara ya kwanza nilipobeba fungu hilo kupita getini, jirani yangu alivua kofia. "Pole sana, ndugu. Mmepoteza nani?" Kwetu maua mabichi ni ya matanga. Nikaona aibu kusema hakuna aliyekufa, nikajibu, "Tutakujulisha." Akaanza kuulizia siku ya mazishi.

Nacheka sasa. Lakini kuna kitu kimoja kwenye hadithi hii ambacho sikicheki, nacho ni kile kilichotokea mwaka juzi mama alipokuja kulala kwangu.

Lazima nieleze kwanza kwamba mama huniita baba. Nimepewa jina la baba yake mzazi, na kwa desturi yetu mimi ni baba yake, kiasi kwamba nikiwa mdogo, hata akinichapa, alisema, "Samahani, baba, lakini utajifunza." Sijawahi kuwa na jina lingine mdomoni mwake.

Alikuja na viazi, kibuyu cha maziwa lala na unga wa uji aliousaga mwenyewe. Asubuhi aliamka kabla yangu, akapika uji, akatafuta chombo cha kuuwekea ili nikitoka kuoga niukute moto. Kwenye rafu karibu na jiko nilikuwa nimeweka malkia wa nyumba: cha bluu, kinene chini, mdomo mpana. Nilikuwa bafuni niliposikia tak! Nilitoka na taulo. Uji ulikuwa sakafuni, mama amesimama na viganja wazi, na cha bluu kilikuwa kimepata ufa kutoka mdomoni hadi karibu na kitako.

Mtu mwenye akili angeuliza, "Umeungua?" Mimi niliuliza, "Ya bluu?" Kisha nikasema, na ningelipa chochote niyameze yale maneno, "Mama, hii si kitu cha watu wa shamba. Kwani huoni?"

Akaangalia sakafu. "Sikuona," akasema.

Nikadhani anajitetea. Nikabeba kile chombo kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa, nikakitazama kwenye mwanga, nikatoka nje na kukitupa kwenye pipa kwa kishindo ili asikie. Niliporudi alikuwa amepangusa uji wote na amevaa leso yake ya kichwa. "Acha nirudi nikaangalie ng'ombe, mzee," akasema.

Mzee. Mama yangu aliniita mzee.

Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku hiyo ulivunja mfupa. Tangu pale mama hakulala kwangu tena. Alikuja mjini, alipita dukani, akasimama upande wa wateja wa kaunta. "Mzee, nipe dawa ya minyoo ya ndama." Nikimpa alisogeza kopo karibu na pua, akanirudishia. "Nisomee kipimo, macho yamechoka." Nikamsomea. Nikamwambia karibu nyumbani, akasema siku nyingine, akaenda. Miaka miwili hivyo. Nami nilikuwa na kiburi changu, nikasema moyoni, atazoea. Mara tatu nilipeleka dawa kwa wakulima wa Mau Narok, nikapita njia panda ya kwetu bila kukata kona.

Mwezi wa kwanza mwaka huu dada akanipigia simu. Alikuwa amempeleka mama kliniki ya macho.

"Ana mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili. Wanaanza na la kulia, wiki ijayo, hapo hapo Nakuru. Halafu hafai kurudi Mau Narok wiki mbili, kwa sababu ya moshi wa jikoni na vumbi. Na kuna dawa ya matone mara nne kwa siku."

"Basi atakaa kwangu."

Dada akashusha sauti. "Anasema atakaa kwangu."

"Karagita? Chumba kimoja? Na wewe uko kazini tangu alfajiri, si huu ndio msimu wa waridi za wapendanao? Nani atamtia matone?"

"Mimi nimemwambia hayo yote. Amesema kwako kuna chupa."

Nilimpigia mama mwenyewe. Nikamwambia kliniki iko karibu na kwangu, vyumba viko vitatu, nitafunga duka nimhudumie. Alinisikiliza kwa adabu, jinsi anavyomsikiliza chifu.

"Asante, mzee. Nyumba yako ni nzuri sana. Lakini mimi ni mtu wa shamba."

Niliweka simu chini na kulia pale pale dukani, nikiwa nimeegemea gunia la chumvi. Mteja mmoja aliingia, akaniona, akasema atarudi kesho.

Jumapili baada ya kanisa nilianza kufunga. Nilileta makatoni ya dukani, nikafunga kila chombo kwa magazeti, nikavipanga. Kile cha kijani cha kwanza kililala kwenye katoni iliyoandikwa DAWA YA MINYOO, MBUZI NA KONDOO. Nilipeleka yote stoo, nyuma ya mapipa ya dawa ya kuogesha ng'ombe. Niliporudi, nyumba yangu ilikuwa imekuwa kituo cha polisi. Kuta zilikuwa na madoa ambayo vioo vilikuwa vimeyaficha, televisheni ilikuwa imebaki peke yake, na kila nilipokohoa nyumba ilinijibu. Miaka kumi nilikuwa nimejiita mtu mwenye jicho la urembo, kumbe sikuwahi kupaka rangi ukuta.

Jumatatu nikaazima gari la jirani, yule wa "pole sana", nikaenda Mau Narok. Baridi ilikuwa ile ya kukufanya uongee na mikono mfukoni. Mama alikuwa kibandani na ndama. Alisikia hatua zangu akageuza kichwa, lakini alingoja hadi niliposema shikamoo ndipo akajibu. Niligundua hapo kwamba alikuwa akingoja sauti.

Tukaingia ndani. Na juu ya meza, kwenye kitambaa chake cheupe alichoshona mwenyewe, kilikuwa kimekaa cha bluu. Ufa umegeuzwa upande wa ukutani. Kimejaa maharagwe mpaka mdomoni.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa pipa lako. Nilipita nayo siku ile ile kwenye kiondo. Maji inamwaga, lakini maharagwe inashika vizuri."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilivunja chombo cha mtu. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, nawe unajua. Nikatia maharagwe, nikasema akija nitampa." Akapapasa mdomo wa kile chombo kwa kidole, akatoa haragwe moja, akalibonyeza kama kulipima. "Ya kwanza yaliliwa na wadudu. Nikamwaga, nikatia ya mavuno mengine. Hayo pia yakazeeka. Haya ni ya tatu."

Misimu mitatu. Alinitengea maharagwe misimu mitatu, na mimi nikapita njia panda na gari la dawa nikiangalia mbele.

Nilipiga magoti. "Mama, nilikosa. Nisamehe. Nimefunga chupa zote. Nyumba haina hata moja. Njoo tu."

"Zote?"

"Zote thelathini."

Hakusema amenisamehe. Alivuta pumzi, akasema ndama ataangaliwa na jirani, kisha akaniambia nibebe maharagwe yangu. Nilibeba. Njia yote kurudi Nakuru kile chombo kilikaa miguuni pake, amekibana kwa magoti ili kisianguke. Karibu na mjini alisema, "Ukiona matuta, mzee, punguza." Bado nilikuwa mzee.

Alifanyiwa upasuaji siku ya pili yake. Wakati tukingoja nje nilimsikia akimwambia mama mwingine aliyekaa naye, "Mimi nina watoto watatu. Wawili wa tumbo na mmoja wa jicho. Huyu wa jicho atatolewa leo, bado yule kichwa ngumu wa tumbo." Wakacheka wote wawili. Nilijifanya nasoma bango la ukutani kuhusu kunawa mikono.

Alilala kwangu usiku huo, jicho limefunikwa kwa bandeji, na jingine nalo la ukungu. Alipita sebuleni akiwa amenishika kiwiko, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kitu cha kugonga. Asubuhi tulirudi kliniki, daktari akatoa bandeji, akanyoosha vidole akamuuliza ni vingapi. "Vitatu," mama akasema, "na shati lako lina doa la chai hapo kwa mfuko." Daktari akaangalia mfuko wake.

Tuliporudi nyumbani alisimama katikati ya sebule, akazunguka polepole. Aliangalia madoa ya ukutani. Aliangalia televisheni.

"Chupa ziko wapi?"

"Nilikuambia. Nimefunga."

"Kwani nimetolewa mtoto wa jicho nije nione ukuta? Lete."

"Mama, si lazima..."

"Lete, nimesema!"

Nikaenda stoo mbio, nikarudi na katoni ya mbuzi na kondoo. Aliketi karibu na dirisha. Nikafungua magazeti, nikampa kile cha kijani cha mnada. Alikiinua kwenye jua. Uso wake ukawa kijani, na leso yake ya kichwa pia.

"Haiya! Kumbe hii ni kijani?"

"Ulidhani ni rangi gani?"

"Nilidhani ni uchafu." Akakigeuza. "Haki ya Mungu. Miaka hiyo yote zote zilikuwa rangi ya chai. Nikawa nasema kimoyomoyo, huyu mtoto wangu anakusanya chupa na hata hajui kuziosha."

Nikampa ya asali, nikampa ya moshi, nikampa ile ya gome la mti ambayo aliikwaruza kwa ukucha. Alizisifu moja moja, na kila aliposema rangi nilizidi kuelewa. Mwisho akaangalia juu ya meza, pale alipokuwa ameweka cha maharagwe.

"Na hii ni bluu."

"Ni bluu, mama."

"Siku ile niliona kivuli cha kitu chenye mdomo. Nikasema ni jagi la plastiki." Aliisema kama mtu anayeeleza alivyopotea njia, bila hasira. "Si nilikuambia sikuona?"

Ndiyo, aliniambia. Nilimuuliza kwani huoni, naye akanijibu, na mimi niliyekuwa na lenzi ya kusoma herufi chini ya chupa sikusikia jibu. Baadaye akanipa kopo nimsomee, nikamsomea. Nikarudi nyuma hadi kwenye kona, mbali na dirisha.

"Mbona umesimama gizani?" akasema. "Njoo hapa kwa dirisha na mimi nikuone."

Nikasogea. Alinishika kidevu kwa mkono wake wenye harufu ya matone ya dawa, akanigeuza upande huu, akanigeuza upande ule, kama anavyokagua ndama wa kununua. Jicho lake jipya lilikuwa jekundu na lenye machozi, na lilikuwa likiniangalia mimi. Akapitisha vidole juu ya sikio langu.

"Woi," akasema. "Kumbe una mvi, baba."